Sura ya Mama Niliyoiuza Mara Mia Nne

Baba yangu mzazi aliitazama picha ya marehemu mama, picha niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe, akanivuta karibu na kuninong'oneza:

"Huyo mgeni amekaa muda wote huo, mbona hujampa hata maji?"

Nikacheka. Baba yangu ni mtu wa utani tangu zamani, nikajua ameanza.

Hakuwa anatania.

"Huyu mama wa watu ni nani?" akauliza tena.

Jamani. Mtu aliyelala kitanda kimoja na mama miaka ishirini na sita ananiuliza mkewe ni nani.

Ngoja niwaeleze kisa hiki tangu mwanzo. Nimekaa nacho miezi saba. Wengi humu mnaniita dada msanii na mnapenda picha zangu. Mkimaliza kusoma mtaamua wenyewe kama bado nastahili jina hilo.

Siku ile ndiyo kwanza tulikuwa tumemtoa baba hospitali. Daktari alituambia kwa upole kwamba tukamuuguze nyumbani, na mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa. Nikaona nimfurahishe mzee. Nikachagua picha bora kabisa ya mama kule kazini, nikaitundika ukutani mbele ya kitanda chake ili akiamka awe anamwona mwenzake.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa amekuja kutusaidia kumuuguza. Nilipomweleza jikoni alichosema baba, akatikisa kichwa. Akasema ndiyo mambo ya ugonjwa, akili imeshaanza kutangulia, nimwitikie tu.

Nikaamini. Nikarudi chumbani na sauti ile ya kubembelezea watoto. "Baba, huyu ni mama. Mama yetu."

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Binti, mimi ninaumwa kifua, siumwi kichwa. Bawaba ya dirisha hilo mmeifunga juu chini, nimeiona tangu naingia, nimenyamaza tu. Mama yako namjua. Huyu simjui."

Nikageuka kuangalia dirisha. Bawaba kweli ilikuwa juu chini.

Baba yangu ni fundi seremala. Alikuwa. Bado ulimi wangu haujazoea.

Na mama, basi niwaambie habari za mama.

Mama alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na alikuwa na mdomo. Namaanisha mdomo wa maneno, na namaanisha mdomo wenyewe pia. Alipokuwa mdogo alianguka juu ya ukingo wa ndoo ya bati, mdomo wa juu ukapasuka upande wa kushoto, aliyemshona akamshona haraka haraka. Ukapona umevutika juu, jino moja likawa linachungulia hata akiwa amenyamaza.

Lakini alinyamaza lini? Mtu ukimwona ungedhani anataka kusema jambo, na kweli alikuwa analisema. Aliongea na mashuka, aliongea na sufuria, aliongea na redio na kubishana nayo. Baba alikuwa anasema yeye aliolewa, mama ndiye aliyeoa.

Picha ya kamera hakutaka. Harusini akiona kamera anabeba mtoto wa mtu na kumwinua mbele ya uso wake. Kwenye simu zetu tulikuwa na picha zake tatu: mbili mgongo, moja kiganja. Ile ya kitambulisho ililowa siku bomba lilipopasuka, ikabaki kivuli.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini alipougua. Kuchora nilianza utotoni, nikichora kwa mkaa nyuma ya vipande vya mbao vya baba. Mama alipokuwa hawezi tena kwenda kazini, akawa anakaa kwenye benchi la karakana ya baba akimsimanga kwa kupoteza misumari. Siku moja nikamwomba nimchore.

Nilitegemea atanifukuza. Akafikiri kidogo, akaniambia:

"Chora. Lakini chora na mdomo. Ukiuacha mdomo utakuwa umemchora jirani."

Baba akakata kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye mlango wa kabati, akakipiga msasa mpaka kikawa laini. Nikamchora siku kumi na mbili. Aliongea siku zote kumi na mbili, na kila nikimwambia atulie kidogo, ananiambia nisubiri, kutulia kwenyewe kunakuja.

Akafa wiki tatu baadaye.

Picha ile haikuwa nzuri kwa maana ya watu kuisifu. Rangi ya mafuta niliipaka nene mno kwa sababu sikujua, shingo ilikuwa fupi, macho yanakutazama moja kwa moja kama unadaiwa maelezo. Lakini ukiingia chumbani ulikuwa unamsikia. Baba aliiweka juu ya meza, akawa anaisalimia asubuhi kabla ya kwenda karakana. Akapigilia msumari ukutani, akanituma kwa muuza fremu ili itiwe fremu na itundikwe kama picha za watu.

Nikaenda. Ndugu zangu, laiti ningeteguka mguu njiani.

Muuza fremu alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjini walimwita Bosi Fremu. Aliichukua ile picha, akaisogeza kwenye mwanga. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia.

Akanipa pole ya kweli kabisa, si ya midomoni. Kisha akataka kuinunua.

Nikakataa. Hapo nilikuwa bado mtu.

Akasema basi, haina shida, hataki kuinunua. Ila hoteli moja inataka picha sita za mama wa makamo za kutundika vyumbani. Je, naweza kumchorea sita mfano wa hii? Ile yenyewe ibaki dukani wiki moja tu, iwe kielelezo. Na fremu yake atanipa bure.

Nilikuwa sina kazi. Baba tangu msiba alikuwa akishika randa anaiweka chini. Mkono mtupu haulambwi, na sisi wote wawili mikono yetu ilikuwa mitupu.

Nikasema wiki moja si kitu.

Zile sita zikaisha, hoteli ikataka kumi na mbili. Bosi Fremu akanipa chumba nyuma ya duka, dirisha kubwa, rangi zote, na mwenzangu wa kusaidiana naye. Kijana huyo tulimwita Vitambaa, kwa sababu yeye alichora nguo na kilemba, mimi nikichora uso. Bodi zinapangwa ukutani kumi kumi. Yeye anapita na bluu ya kilemba zote kumi, mimi nafuata na ngozi zote kumi, kisha macho yote ishirini, kisha midomo kumi. Ndivyo kazi inavyokwenda haraka. Huchori mtu, unachora macho ishirini.

Kisha maoni ya wateja yakaanza kuja.

Kwanza hoteli. Walisema watu wakikaa kula, yule mama wa ukutani anawatazama kana kwamba wamekula chakula chake. Bosi akaniomba nimwinamishe macho kidogo. Nikamwinamisha.

Halafu ofisi ya bima ikasema mdomo ule unawatia watu wasiwasi, kana kwamba kuna ajali. Bosi alikuja mwenyewe kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaongea kwa adabu sana. Alisema anajua ni mama yangu, na hataki kunikosea. Lakini hizi si za mama yangu tena, hizi ni mzigo. Mama yangu yuko salama kwenye ile ya kwanza.

Nililia siku ile. Niliondoka nikakaa nyuma ya duka kwenye makreti, nikalia mpaka Vitambaa akaja kunitafuta.

Kisha nikarudi, nikaushona mdomo wa mama vizuri, mara kumi, kwa mpigo.

Jino likaondoka. Halafu mikunjo ya paji la uso ikaondoka. Shingo ikarefuka. Kielelezo kikichakaa kwa rangi za vidole, tunachukua nakala safi inakuwa kielelezo kipya, na ikichakaa nayo tunachukua nyingine. Ile ya kwanza yenyewe Bosi aliitia fremu nzuri, akaitundika kwenye mapokezi ya hoteli kama sampuli ya kuvutia oda. Aliniomba ruhusa. Nikamwambia sawa, ikae kidogo.

Picha ikapata jina. Mama Utulivu. Watu wakaanza kuagiza kwa jina hilo. Benki, saluni, vyumba vya kusubiria wagonjwa. Yule mwanamke aliyegombana na redio anaitwa Mama Utulivu, na mimi mwanawe nikaitikia.

Baba mwanzoni alikuwa akiniuliza. "Fremu haijaisha tu?" Nikawa namwambia bado kidogo, hoteli wanaitumia, itarudi. Aliuliza wiki kwa wiki, kisha mwezi kwa mwezi, kisha hakuuliza tena. Msumari ukabaki ukutani, akawa anatundikia kofia yake.

Sikumletea hata nakala. Nilijiambia sitaki kumtonesha. Uongo. Niliona haya.

Ikapita miaka kumi na mmoja. Na ninyi mnajua namna miaka inavyopita ukiwa na kazi.

Sasa rudini na mimi pale chumbani, baba kitandani, bawaba juu chini.

Nilishusha ile picha ukutani, nikakaa nayo ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba hii ni nakala, kwamba wateja walitaka hivi na vile. Nilimwambia mara mbili kwamba ile halisi ipo. Alinisikiliza macho kwenye dari.

"Nilitegemea nimwone kabla sijaenda," akasema. "Namsahau, mwanangu. Sauti ninayo. Sura inanikimbia. Asubuhi nikiamka inakuwepo kidogo, nikifumbua macho imekwenda."

Nikamwahidi. Nikamwambia kesho atamwona. Akaniuliza kesho ipi, nikamwambia hii ya kesho.

Hapo ndipo nilipojaribu na mimi. Nilifumba macho pale pale ukingoni mwa kitanda nimtafute mama. Akaja Mama Utulivu. Nikajaribu tena kupitia benchi la karakana, na zile siku kumi na mbili alizokuwa anaongea. Benchi lilikuja, harufu ya mbao ikaja, na juu ya benchi amekaa Mama Utulivu, macho chini, mdomo umefungwa.

Niliogopa kuliko siku ya msiba.

Asubuhi nilikuwa dukani kabla halijafunguliwa. Bosi Fremu sasa ni mzee, anatembelea fimbo. Sitaki mumchukie. Bili za hospitali za baba alilipa yeye bila kuombwa, na siku ile pia alisimama aliposikia nimetaja baba. Nikamwambia naitaka ile ya kwanza.

Akakuna kichwa. Hoteli ilikuwa imepakwa rangi upya miaka minne nyuma, wakarudisha picha zote, ikiwemo ile ya mapokezi. Akadhani niliichukua.

"Mimi?"

"Si zote zilirudi kwako kule nyuma ya duka, mama? Nikajua ya kwako utaitoa mwenyewe. Nani angeijua kukushinda wewe?"

Nilikimbilia nyuma kwa Vitambaa.

Vitambaa ana kumbukumbu ya ajabu. Aliniambia zilizorudi kutoka hoteli zilikuwa kumi na tisa, zikasafishwa, zikafanyiwa marekebisho, zikapelekwa zote kliniki ya meno iliyokuwa inafunguliwa. Yeye ndiye aliyezitundika. Akavua aproni, akasema twende.

Chumba cha kusubiria cha kliniki ile kina viti vya plastiki vya kijani na harufu ya dawa ya karafuu. Watu sita walikuwa wamekaa wameshika mashavu. Na ukutani, kila upande, Mama Utulivu. Nilihesabu kumi na tisa zote, hakuna hata moja iliyoondolewa.

Nikaanza kuzipitia moja moja nikitafuta mdomo.

Hakuna mwenye mdomo.

Nikazunguka tena. Natafuta jino, natafuta shingo fupi, natafuta macho yanayonidai. Wote kumi na tisa wameinamisha macho kwa adabu. Dada wa mapokezi akaniuliza kama nina miadi. Vitambaa akamweleza kwa sauti ndogo. Sijui alimwambia nini, lakini yule dada alitoka nyuma ya meza yake akatusaidia kuzishusha.

Nyuma ya kila fremu Bosi hugundisha karatasi ya kaki ili vumbi lisiingie. Nikaomba kisu. Nikachana karatasi ya kwanza, bodi ngeni. Ya pili, ngeni. Wagonjwa wakawa wamesahau meno yao, wananiangalia mimi niliyepiga magoti sakafuni nachana migongo ya picha.

Ya kumi na moja nilipoichana, nikaona mwandiko wa baba.

Kwa penseli ya seremala, ile bapa. Mshale unaoelekeza juu, na chini yake: *Mke wangu. Msiigeuze.*

Nikaigeuza.

Mama Utulivu.

Macho chini. Mdomo umefungwa vizuri, umetulia, hauna kovu.

Niliigeuza tena nyuma, nikaigeuza tena mbele, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko mtupu. Kisha nikamuuliza Vitambaa ni nani. Ni nani aliyeingia akaichora juu. Nilikuwa napiga kelele mbele za watu. Nilisema nitamtafuta mtu huyo nimvunje vidole kimoja kimoja.

Vitambaa hakuniangalia. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Ni ile siku, dada," akasema. "Ile siku uliyosema aliyeichora hii alikuwa amelewa."

Nikakumbuka.

Nakumbuka vizuri kabisa. Ilikuwa mchana, redio imewashwa, bodi kumi na tisa zimeegemea ukuta, kazi ya haraka. Napita na brashi narekebisha pale palipofifia. Nikafika kwenye moja, mdomo umepinda, rangi imerundikwa kama udongo, shingo hakuna. Nikamwita Vitambaa aje aone maajabu. Nikamwambia huyu fundi alikuwa amelewa, au alichora kwa mguu. Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Vitambaa akasema labda ni kazi ya mwanafunzi. Nikasema masikini mwanafunzi, ngoja nimsaidie.

Nikachukua msasa mwembamba nikapunguza uvimbe. Nikamfunga mdomo. Nikamwinamisha macho. Dakika kumi, labda kumi na mbili.

Bosi alipopita jioni alisema hii imetoka vizuri kuliko zote.

Mama yangu aliniangalia usoni, macho kwa macho, na mimi nikamcheka, na nikamrekebisha.

Kliniki wakaniachia ile picha bila maneno. Nilitembea nayo kifuani mpaka nyumbani, Vitambaa ananifuata hatua kumi nyuma. Sikulia njiani. Kuna mambo machozi yenyewe yanayaogopa.

Nilifikiria kumdanganya baba. Niseme imepotea, niseme imeungua. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya kwa miaka kumi na mmoja na nilichoka.

Nikamwekea magotini. Akasoma mwandiko wake mwenyewe nyuma, akatabasamu. Akaigeuza, tabasamu likaondoka. Nikamweleza nilichofanya. Niliongea hadi mwisho bila kukatishwa. Hata kile kicheko nilimwambia, sikukificha.

Baba hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Alinyoosha kidole gumba, kile chenye kucha iliyopondwa na nyundo, akakipitisha polepole usoni mwa picha namna anavyopima ubao uliopigwa randa. Alipofika mdomoni akasimama. Akarudi nyuma, akapita tena.

"Hapa pana kifundo," akasema. "Hukumaliza msasa. Yupo hapa chini."

Akachukua mkono wangu akauweka. Kweli, jamani. Chini ya ile rangi laini, upande wa kushoto, kulikuwa na kituta kidogo kama punje ya mchele.

Nikaruka. Nikasema nitakwangua, nitaondoa rangi ya juu, nitatumia dawa. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Yeye amekwangua vanishi za watu maisha yake yote. Akaniambia rangi juu ya rangi zikishashikana zinaondoka pamoja. Nikikwangua nitafika kwenye ubao tu.

"Mwache," akasema. "Nichoree mwingine. Mimi nitakuambia."

Basi kila asubuhi, pale anapofumbua macho tu kabla ya dawa, nilikuwa nimekaa na karatasi na mkaa. Ananiambia upesi upesi kabla sura haijamkimbia. Nyusi zake hazikulingana. Pua hapana, punguza. Shavu hili lilikuwa na shimo akikasirika, si akicheka. Mimi nachora, namwonyesha. Anasema hapana. Nachora, namwonyesha, anasema hapana. Mkono wangu ulikuwa unajua njia moja tu, kila nikiuachilia unarudi kwa Mama Utulivu.

Siku ya saba nilimwonyesha karatasi, akaisogeza karibu na macho.

"Karibu," akasema. "Ulikuwa karibu. Umempita."

Nikamwomba aniambie nilimpitia wapi. Akasema nisubiri apumzike kidogo, ataniambia.

Alipumzika siku mbili nzima. Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, jua limeshaingia chumbani, akaondoka. Hakuniambia.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa watu. Bosi Fremu alikuja na fimbo yake, akakaa nje na wazee. Ile picha niliiacha juu ya meza ile ile, sikuwa na nguvu ya kuificha. Wanawake walikuwa wanaingia chumbani kunipa pole, wanaiona, wanaishika.

Shangazi akaja akasimama mbele yake. Wifi yake. Walipikia chungu kimoja, waligombana na kupatana zaidi ya miaka ishirini. Nikamtazama usoni nikimwomba Mungu aseme simjui. Aseme tu huyu mama wa watu ni nani.

Shangazi akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Wifi yangu," akasema. "Ndiye huyu huyu. Alikuwa mpole jamani."

Na wenzake wote wakaitikia. Ndiye kabisa. Alikuwa mtulivu sana yule mama.

Nilifungua mdomo nimkanushe. Nimwambie hapana shangazi, mama hakuwa mpole hata siku moja, mama alikuwa na jino, alikuwa na kovu, aligombana na redio. Lakini angeniambia nimwonyeshe, na nisingekuwa na cha kumwonyesha. Picha imeshatundikwa benki na saluni na kwenye kuta za watu wasiotujua. Imewaingia na wao kama ilivyoniingia mimi. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa bado anaweza kuiangalia na kusema si yeye, na huyo ndiye tuliyekuwa tunakwenda kumzika.

Nimerudi kazini. Msishangae, tumbo halina matanga. Bado nachora macho ishirini kwa mpigo.

Sitakuja hapa kuwaambia wasanii msiuze. Anayesema hivyo ana mtu wa kumlisha. Uzeni. Mteja akitaka mto wa kwenye picha uelekee kulia, upelekeni kulia, ni mto wake. Lakini kuna kitu kimoja ulichokifanya kwa ajili ya moyo wako, na unakijua, huhitaji kuambiwa. Hicho usikikopeshe hata kwa wiki moja. Usikubali kiwe kielelezo cha kitu kingine. Kiweke ndani, kiwe kibaya, kiwe na shingo fupi, kichekwe na watu, wasikipende.

Mimi niliishi na mama yangu miaka ishirini. Nimemchora mara mia nne na kitu. Ukinipa karatasi sasa hivi na kuniambia nimchore, siwezi.